Seti ya mtumba ya CCNA: jibu kwa msomaji wa Arua

"Mwalimu, salamu kutoka Arua, Uganda. Nina diploma ya IT, na kwa sasa riziki yangu ni kufunga kamera za CCTV na Wi-Fi kwenye maduka na lodji. Nataka kufanya mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, kabla mwaka haujaisha. Nimeweka akiba ya shilingi 1,200,000. Muuzaji mmoja wa Kampala ananipa seti nzima ya mtumba kwa 1,150,000: ruta mbili za Cisco 2811 zenye kadi za serial na kebo zake, na swichi tatu za Catalyst 2950. Anasema bila serial siwezi kufaulu, na kwamba Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni mchezo wa watoto wa shule. Laptopu yangu ni Core i5 yenye RAM ya GB 8. Ninaishi chumba kimoja na mdogo wangu, na mita ya umeme ya Yaka tunachangia na majirani wawili. Je, ninunue? Kama siyo hiyo, ninunue nini? Sitaki kupoteza pesa hii, imenichukua muda mrefu kuipata."

Ndugu yangu, usilipe pesa hiyo. Nalitanguliza jibu kwa sababu wauzaji wana haraka, na akiba ya muda mrefu huondoka kwa muamala mmoja wa simu. Seti hiyo haikufai kwa mtihani unaoutaka. Na hata kama ingekufaa, ingekumalizia pesa yenye kazi kubwa zaidi.

Mtihani wa CCNA, namba yake 200-301, unalipiwa dola 300 za Marekani, na kodi inaweza kuongezeka juu yake. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 3,600, hiyo ni 1,080,000. Sasa itazame akiba yako upya. Ukimpa muuzaji 1,150,000, mwisho wa mwaka utakuwa na chuma chumbani na huna ada ya mtihani. Nimeona vijana wengi wakikwama hapo: maabara ipo, vitabu vipo, mtihani unaahirishwa kila muhula mpaka waliyojifunza yanaanza kufutika. Kwa hiyo weka kando pesa ya mtihani leo, usiiguse, halafu maabara tuipange kwa kinachobaki na kwa kile utakachoingiza mwezi baada ya mwezi kwenye kazi zako za kamera.

Nadhani nyuma ya swali lako kuna hofu nyingine pia, kwamba ukisomea kwenye kompyuta tu, mwajiri atakuona hujui kitu. Hofu hiyo ina msingi na nitaifikia. Kwanza tumalizane na maneno ya muuzaji.

Kadi za serial zilikuwa na maana wakati ofisi mbili za mbali ziliunganishwa kwa laini ya kukodi. Ruta ilichomekwa kebo nene ya serial, upande mmoja ukitoa mapigo ya saa na mwingine ukiyafuata, na juu ya waya huo ukaendesha itifaki za HDLC, PPP au Frame Relay. Watu wa rika langu tuliyasomea hayo yote na kufanyiwa mtihani. Leo mtoa huduma akikuletea fibre hapo Arua, mwisho wa waya unapewa poti ya Ethernet ya kawaida. Mtihani nao ukafuata kazi ilivyobadilika: Frame Relay iliondolewa zamani, na CCNA mpya ilipoanza Februari 2020, PPP na usanidi wa serial havikuwemo tena. Toleo la 1.1 lililoanza kutumika Agosti 2024 halikuvirudisha. Lilichoongeza ni mambo ya otomatiki kama Terraform, na maelezo ya akili mnemba. Cisco wenyewe wanaweka orodha ya mada bure kwenye tovuti yao. Ipakue, ichapishe, ibandike ukutani. Utaona kwamba sehemu nzito kuliko zote, asilimia 25, ni ya kupitisha pakiti kati ya mitandao: njia za mkono na OSPF ya eneo moja, itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia. Misingi ya mtandao ni asilimia 20. Swichi, VLAN (kugawa swichi moja iwe mitandao kadhaa) na Wi-Fi ni asilimia 20 nyingine. Usalama ni 15, huduma za IP 10, otomatiki 10. Serial huioni popote. Muuzaji huenda hakudanganyi kwa makusudi; huenda hayo ndiyo aliyofundishwa. Lakini pesa ni yako.

Catalyst 2950 ni swichi imara, na nyingi bado zinawaka. Tatizo lake ni programu iliyomo ndani. Nyingi zimebeba toleo lisilo na SSH, njia salama ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, na kusanidi SSH ni jambo linalotajwa wazi kwenye mada za mtihani. Ruta ya 2811 ina nafuu zaidi, inaweza kufundisha OSPF, NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje) na orodha za ruhusa (ACL) bila shida. Ila ni kubwa, feni zake zina kelele ya kumnyima mdogo wako usingizi, na uwezo wake unategemea faili la IOS, mfumo wa kuendesha wa Cisco, lililomo: lenye jina la "ipbase" tupu, bila "k9", halina SSH, na kwenye ruta za kizazi hicho IPv6 mara nyingi inahitaji toleo kubwa zaidi. Unaweza kulipa 2811 mbili na ukashindwa kufanya robo ya mazoezi.

Sasa hilo la mchezo wa watoto. Packet Tracer hutolewa bure na Cisco kwa yeyote anayejisajili Networking Academy, mpango wake wa mafunzo, na laptopu yako inaiendesha bila kutoka jasho. Ni kweli kwamba ndani yake hakuna IOS halisi. Ni programu iliyoandikwa ijibu amri kama IOS ingejibu, kwa amri zile tu ambazo waandishi wake waliziweka. Ndiyo maana fundi mzoefu akiingia humo huudhika: anaandika amri anayoijua, inakataliwa. Lakini mwanafunzi wa CCNA hatafuti kila amri iliyopo duniani. VLAN, trunk, EtherChannel, STP, OSPF, NAT, DHCP, ACL, usalama wa poti, hata kidhibiti cha Wi-Fi ambacho kukinunua mtumba ni gharama na usumbufu, vyote vimo. Na mtihani wenyewe unafanyiwa kwenye kompyuta. Hata maswali yake ya vitendo ni dirisha la amri kwenye skrini. Hakuna atakayekuwekea swichi mezani.

Ukifika mahali Packet Tracer inakubana, kuna hatua ya pili. Cisco Modeling Labs ina toleo la bure lenye nafasi ya vifaa vitano, na humo ndani kuna IOS ya kweli iliyotengenezwa iendeshwe kama kompyuta pepe. Kwa RAM ya GB 8 utabanwa, kwa sababu programu hiyo inataka karibu yote. Ukipata pesa ya kuongeza RAM ifike GB 16, hiyo ni faida kubwa kuliko ruta ya pili. GNS3, programu nyingine ya aina hiyo, pia ni bure, lakini faili la IOS unatakiwa ulitafute mwenyewe kwa njia halali. Wengi hulibeba kwenye flashi kutoka kwa rafiki. Sikushauri hivyo: ni mali ya watu, na faili lisilojulikana lilikotoka linaweza kuwa na kitu kingine ndani.

Basi chuma kina kazi gani? Kina kazi, tena ninakipenda, na ndiyo maana sitaki ununue kibovu. Kuna mambo ambayo skrini haikupi. Swichi ya mtumba inakuja na nywila ya mtu mwingine, na huna budi kuivunja. Kebo ina pini moja iliyokatika na taa inawaka kijani na kuzima. Ukiwa kazini, mteja amesimama nyuma yako na mtandao umelala, haya ndiyo yatakayokuokoa. Hapo ndipo hofu yako ya mwajiri ina haki: anayekuhoji hugundua haraka kama umewahi kushika kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha laptopu na kifaa ili ukisanidi.

Nikupe zoezi moja ambalo ningetaka kila mwanafunzi wangu alifanye kwa mikono. Chukua swichi mbili, ziunganishe kwa kebo mbili badala ya moja. Hapo umetengeneza mzunguko. Fremu ya Ethernet haina kihesabu cha maisha kama TTL iliyomo kwenye pakiti ya IP, kwa hiyo tangazo moja lingezunguka kati ya swichi hizo bila kikomo na kuujaza mtandao mpaka ulale. Kinachozuia ni STP. Swichi zinachagua moja iwe mzizi, kisha ile nyingine inafunga poti yake moja. Tazama taa: tatu zitakuwa kijani, moja itabaki rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo poti iliyofungwa, na iko mbele ya macho yako.

Ni ipi imekuwa mzizi, na kwa nini? Andika "show spanning-tree". Swichi zote zinatoka kiwandani na kipaumbele kilekile, 32768, na kwenye VLAN 1 utakisoma 32769 kwa sababu namba ya VLAN huongezwa. Wakilingana, mwenye anwani ndogo ya MAC anashinda. Na kwa kuwa watengenezaji hugawa anwani hizo kwa kwenda juu, swichi kongwe mara nyingi ndiyo yenye ndogo. Maana yake, katika ofisi ambayo hakuna aliyesanidi chochote, kiswichi kikuukuu cha stoo kinaweza kuwa ndicho kinachoongoza njia za mtandao mzima, na swichi mpya ya gharama inamfuata. Sasa chomoa ile kebo yenye taa za kijani pande zote mbili na uhesabu sekunde mpaka ya machungwa igeuke kijani. Kwa STP ya zamani ni kama 30: 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Andika "spanning-tree mode rapid-pvst" kwenye zote mbili, rudia, na safari hii mabadiliko ni ya papo hapo. Halafu ilazimishe swichi ya pili iwe mzizi kwa "spanning-tree vlan 1 root primary". Ukimaliza zoezi hilo hutahitaji kukariri chochote kuhusu STP.

Kwa hiyo unachohitaji ni swichi mbili, ruta moja ikibidi, na kebo ya konsoli. Vingine vyote viache kwenye laptopu.

Anza na kebo ya konsoli, maana bila hiyo swichi ni sanduku tu. Nunua ya USB moja kwa moja hadi RJ45, yenye chipu ya FTDI au CH340. Zile zenye chipu ya PL2303 ya kuiga huleta kero kwenye Windows, kifaa kinaonekana lakini dereva inagoma. Ukiwa na PuTTY, chagua serial, kasi 9600, na uko ndani.

Swichi tafuta Catalyst 2960, na uangalie jina kamili nyuma au chini yake. WS-C2960-24TT-L ni nzuri: ile L ya mwisho ni LAN Base, ambayo ndiyo unayotaka. Inayoishia na S, kama 24TC-S, ni LAN Lite, imepunguzwa mambo; iache kama bei inalingana. Ukipata WS-C2960-8TC-L yenye poti nane, hiyo haina feni kabisa na kwa chumba kimoja ni neema. Usivutwe na poti 48, utatumia nne. Poti za megabiti 100 zinakutosha pia, kasi haifundishi chochote hapa. Kama moja ya hizo mbili itakuwa Catalyst 3560, utakuwa umepata swichi inayopitisha pakiti kati ya VLAN yenyewe, na hapo ruta unaweza kuiahirisha kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu, 2960 ya poti 24 isiyo na kasoro haistahili kuvuka laki moja na nusu mkononi mwako, na kama muuzaji hashuki, subiri. Benki, mashirika na shule hubadilisha vifaa kila mara na swichi hizi hazijaadimika.

Ruta, ukifika huko, tafuta 1921 au 1941. Ni ndogo kuliko 2811, zina poti mbili za gigabiti, leseni ya msingi ya IP Base inatosha OSPF na IPv6, na 1941 ina tundu la konsoli la mini-USB. Kwenye 1941 hakikisha kadi ya CompactFlash ipo ndani. Wapo wanaozichomoa na kuziuza peke yake, na ruta bila kadi hiyo inaamka ikiwa haina mfumo wa kuendesha.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba uwe mkali. Leseni na masasisho ya Cisco hayahami kirahisi kutoka kwa mwenye kifaa wa kwanza kwenda kwa mnunuzi wa mtumba, na kupakua IOS mpya kunahitaji mkataba wa huduma. Hivyo kilichomo ndani ya kifaa siku unapokinunua ndicho utakachokuwa nacho. Usinunue kwa picha. Kama huwezi kushuka Kampala, tuma mtu unayemwamini mwenye laptopu na ile kebo, au mwambie muuzaji akutumie video ya kifaa kikiwaka tangu mwanzo.

Kifaa kiwashwe kikiwa baridi. Kwenye 2960 taa ya SYST itapepesa kijani wakati swichi inajipima, kisha itatulia kijani. Ikitulia machungwa, imeshindwa kipimo, rudisha mezani. Kwenye skrini, ukiishia kwenye neno "switch:" au kwa ruta "rommon 1 >", mfumo haupo au umeharibika, na usikubali kuambiwa kwamba utautafuta mwenyewe. Ikifunguka vizuri, andika "show version". Soma jina la faili la mfumo: kwa 2960 unataka kuona kitu kama c2960-lanbasek9. Ile k9 ndiyo inayokupa SSH. Namba ya serial ya kifaa inayoonyeshwa hapo ilingane na ile ya stika. Zikitofautiana, kuna ubadilishaji umefanyika. Hili si woga wa bure. Mwaka 2020 kampuni ya F-Secure ilichambua swichi za 2960-X za bandia zilizokuwa zimeuzwa kama Cisco halali. Kisha jaribu kwa vitendo. Weka jina la kifaa na jina la kikoa, andika "crypto key generate rsa". Amri ikikubaliwa, SSH ipo. Kwenye ruta andika "ipv6 unicast-routing". Ikikataliwa, umejua. Mwisho chomeka laptopu kwenye kila poti, moja moja, mpaka zote ziwake. Muuzaji mwenye mali safi atakuvumilia.

Kikiwa na nywila ya mwenyewe wa zamani, usikimbie. Tumia nafasi hiyo kushusha bei, kwa sababu kuivunja ni kazi ya dakika chache. Kwenye swichi, shikilia kitufe cha Mode wakati unachomeka umeme mpaka ufike kwenye "switch:". Andika "flash_init", halafu "rename flash:config.text flash:config.old", halafu "boot". Kwenye ruta, tuma Break wakati inaamka, andika "confreg 0x2142", kisha "reset". Ukimaliza kusanidi upya rudisha rejista kwa "config-register 0x2102", la sivyo kila ukizima itasahau kazi yako. Ndani ya config ya zamani unaweza kukuta majina ya matawi, anwani, hata nywila za taasisi ya watu. Usizisambaze. Futa kwa "write erase", ondoa na "delete flash:vlan.dat", kisha "reload". Hilo faili la vlan.dat husahaulika sana, ndiyo maana mtu anafuta swichi na bado anakuta VLAN za watu.

Kusafirisha hadi Arua, mwambie afunge kila kifaa peke yake kwa sponji nene kabla ya kukitia kwenye basi. Kikifika, kabla ya kuwasha, chomoa na urudishe kadi zozote za ruta, maana mtikisiko wa njia huzilegeza. Piga vumbi kwa blowa ya upepo. Ukinusa harufu ya kuungua au ukaona kapasita imevimba kwenye kizio cha umeme (power supply), usifungue mwenyewe. Hata kikiwa kimechomolewa humo ndani hubaki chaji ya kuumiza. Mpelekee fundi wa elektroniki anayetengeneza vizio vya umeme.

Umeme wenyewe haupaswi kukutisha, mradi hufanyi maabara iwake usiku kucha. Swichi ya 2960-24TT inakula kama wati 30, na 1941 wati 35 hivi. Swichi mbili na ruta moja ni wati 95. Ukisoma saa tatu kwa siku, siku 26 za mwezi, hiyo ni yuniti 7 na nusu hivi. Chukua 750 kwa yuniti kwa hesabu ya haraka, halafu ubadilishe kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya Yaka: haifiki shilingi 6,000 kwa mwezi. Seti ya muuzaji, tukiikadiria wati 200 kwa vifaa vitano, ikiachwa ikiwaka mwezi mzima ingekula yuniti 144, yaani zaidi ya laki moja, na majirani wako wangekuwa na haki ya kukasirika. Waeleze mapema unachofanya na uchangie kidogo zaidi. Heshima ya mita ya pamoja ni jambo kubwa. Vifaa hivi vinapokea volti 100 hadi 240 bila swichi ya kubadili, lakini umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndio unaoviua. Nunua kilinda volti kinachochelewesha umeme dakika chache kabla ya kuuruhusu. Hicho kwangu kinatangulia ruta.

Kuna njia nyingine ambayo ningekuwa sikutendei haki nisipoitaja. Kwa kazi unazozifanya sasa, lodji na maduka, utakutana na MikroTik mara nyingi kuliko Cisco. Ruta ndogo mpya ya MikroTik, kama hEX, inakula wati chache, haina feni, na VLAN, OSPF, NAT na ukuta wa moto vimo vyote. Amri ni tofauti, ila dhana ni zilezile. Kama lengo lako la karibu ni kuongeza kipato na CCNA ni ya baadaye kidogo, ningeanza na hiyo kabla ya ruta yoyote ya mtumba, kwa kuwa unaweza kuijifunzia usiku na asubuhi ukamfungia mteja hotspot. Ubaya wake kwa mtihani ni kwamba vidole vyako havitazoea amri za Cisco, kwa hiyo Packet Tracer usiiache.

Nina onyo moja kuhusu kazini. Usichomeke swichi ya maabara kwenye mtandao wa mteja, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Ukiwa umeacha DHCP ikiwaka kwenye kifaa chako, kompyuta za mteja zitaanza kuchukua anwani za maabara yako na mtandao wake utapotea. Na swichi za Cisco zina itifaki ya VTP inayosambaza orodha ya VLAN: ikiwa jina la kikoa linafanana na swichi iliyoingia ina namba ya marekebisho kubwa zaidi, orodha yake inafuta ya wenzake wote. Swichi uliyochezea kwa miezi ina namba kubwa. Kwa usalama andika "vtp mode transparent" siku ya kwanza na uiache hivyo.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana. Ukikwama kwenye kugawanya anwani za mtandao kwa wiki mbili mfululizo na hesabu haziingii, usiendelee kununua vifaa. Tatizo hilo halitibiwi na chuma. Tafuta mtu akae nawe na kalamu na karatasi. Hapo Arua mna Chuo Kikuu cha Muni. Nenda uulize idara ya kompyuta kama wanapokea wanafunzi wa nje au kama maabara yao inafunguliwa kwa saa fulani. Makerere wamekuwa na Networking Academy ya Cisco kwa miaka mingi. Kusoma kupitia akademi kuna faida ya ziada: wanaofaulu kozi vizuri wanaweza kupata punguzo la ada ya mtihani. Uliza hilo kabla hujalipa dola 300 nzima, kwa sababu punguzo hilo peke yake linaweza kukununulia swichi ya kwanza.

Hivi ndivyo ningefanya nikiwa na akiba yako. 1,080,000 inakaa pembeni kwa jina la mtihani. Leo usiku unajisajili na kupakua Packet Tracer. Kwa 120,000 iliyobaki unanunua kebo ya konsoli na kilinda volti, na ukibakiwa na kitu kidogo, kebo mbili tatu za mtandao ambazo najua utazibana mwenyewe. Unasoma VLAN na STP kwenye Packet Tracer mpaka uweze kuzisanidi bila kutazama kitabu. Pesa ya kazi mbili tatu za kamera ikiingia, unatafuta 2960 ya kwanza, na ya pili baadaye. Ruta inakuja ikiwa bado unaitamani.

Na muuzaji wako usimkatie simu kwa ubaya. Muulize kama ana 2960 moja ya LAN Base, na akutumie picha ya stika pamoja na skrini ya "show version". Ukizipata, nitumie kabla hujalipa, nizitazame nawe.